Kibanda cha Chiriku Kilichohama Kila Asubuhi

Familia inautangazia umma wa watu na wa ndege, waliofika hapa na waliobaki juu ya nyaya za umeme, kwamba kile kibanda cha mtama kilichoko uani kwa marehemu hakitahamishwa tena. Hakitasogezwa kushoto, hakitasogezwa kulia, hakitageuzwa kufuata jua wala kuinuliwa kidogo ili kuona kama huko juu patafaa. Mwenye shughuli hiyo amefariki dunia. Tunawaomba ndege waipokee habari hii kwa utulivu, maana hakuna waliosumbuka kuliko wao, isipokuwa mke wake.

Marehemu, ambaye nyote mlimjua kwa jina la Nyanyua, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na ukuta wa kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mwashi na mama mfua nguo. Dada yake mkubwa, ambaye amekaa mstari wa mbele na yuko huru kukanusha, anasema mtoto yule hakutambaa kama watoto wa watu. Alisukuma. Alishika kigoda, akakipeleka hadi ukutani, akakitazama, akakirudisha. Mama yao akiingia na karai la maji alijikwaa kwenye kitu ambacho asubuhi hakikuwapo.

"Huyu mtoto atakuja kuwa mwizi," mama akalalamika.

"Mwizi huondoka na kitu," baba akamjibu. "Huyu anakiacha humuhumu ndani."

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kuimaliza mwaka 1966. Kati ya miaka hiyo alijifunza kusoma, kuandika, na hesabu za upana na urefu. Mengine aliyapisha. Siku moja mwalimu wa jiografia alitoka kidogo, na aliporudi akakuta madawati yote yametazama ukuta wa nyuma, na meza yake mwenyewe iko mlangoni.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi, mwalimu. Hapo upepo unaingia."

Mwalimu alimchapa sawasawa. Kisha, kwa ushahidi wa watu wazima wawili waliosoma darasa lile na ambao leo wamekuja na fimbo zao za kutembelea, akaendelea na kipindi akiwa palepale mlangoni, maana upepo ulikuwa unaingia kweli. Mwalimu mkuu alimuaga kwa maneno haya: "Akili anazo. Tatizo hazikai." Familia haina la kuongeza.

Mwaka 1967 alianza kazi ya kuhamisha watu kwa mkokoteni. Mwaka 1974 akapata pikapu iliyowaka kwa kusukumwa, na mwaka 1983 lori. Jina la Nyanyua lilitokana na amri yake kwa wapagazi, amri iliyosikika mtaa wa tatu kabla ya lori lenyewe kuonekana. Kwa miaka zaidi ya hamsini hakuvunja kioo cha mtu, hakukwaruza mlango, hakupoteza hata kijiko. Jambo moja tu lilimshinda: kuweka kitu alipoambiwa. Mteja akisema kochi likae hapa, marehemu alikunja uso kama aliyeombwa kuweka jiwe la kusagia juu ya mto wa kulalia, kisha akaliweka pale alipoona yeye.

"Jaribu wiki moja," alikuwa akisema. "Usipopapenda niite. Narudi bure."

Baadhi yao walimwita. Akarudi bure, na kuliweka kochi mahali pa tatu.

Katika kazi hiyohiyo ndipo alipokutana na mjane wake, wakati huo binti aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji, akihama kwa shangazi yake kwenda kwenye chumba chake cha kwanza.

"Kitanda tunakiweka wapi, dada?"

"Hapo chini ya dirisha."

"Hapo si pazuri."

"Kwani nimekuuliza?"

Akakiweka chini ya dirisha. Kesho yake alirudi akidai amesahau kamba. Kitanda kilikuwa palepale. Keshokutwa akasahau kamba nyingine. Shangazi mtu, aliyekuwa amekuja kukagua chumba, akauliza, "Huyu kaka ana kamba ngapi?" Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1978, na Mungu akawajalia watoto watatu, kila mmoja akazaliwa katika nyumba yake. Yule wa kati hadi leo hana hakika ni ipi.

Maana walihama. Mhunzi hulala bila kisu, lakini mhamishaji yule hakuwahi kukosa cha kuhamisha. Nyumba moja waliihama kwa sababu jua la jioni liliingia sebuleni, na iliyofuata kwa sababu haliingii. Ya ghorofani ilikuwa juu mno. Ya chini ilikuwa na watu juu yake. Nyingine haikuwa na kosa lolote, na hilo lilimkosesha usingizi kabisa. Mkewe alijifunza kuishi kama abiria aliyekaa ukingoni mwa kiti. Hakupigilia msumari ukutani. Maua yake yote aliyapanda kwenye makopo. Mapazia yake yalikuwa na pindo refu lililoshikizwa kwa nyuzi chache, la kushushwa au kupandishwa kulingana na madirisha yajayo. Jirani mpya alipomuuliza anatoka wapi, alijibu, "Kwenye lori."

Mwaka 2009, mama huyu alipostaafu, wakanunua nyumba ndogo mwisho wa uchochoro, yenye ua wa saruji na ukuta mfupi, jirani yao akiwa mwanamke fundi cherehani mwenye sauti ya kupenya matofali. Wiki ile ya kwanza mama alipima madirisha, akakata mapazia, akayapinda na kuyashona kwa mashine, pindo la kudumu. Fundi cherehani alimwona akilia juu ya mashine akadhani sindano imemchoma. Hakuwa anataka makuu. Alitaka kuzeekea katika nyumba ambayo anaijua swichi ya taa bila kupapasa.

Mambo yalikwenda vizuri kadiri lori lilivyokuwa barabarani. Mwaka 2018 marehemu alimkabidhi kitinda mimba wake lori na kazi, akabaki nyumbani na mikono miwili isiyo na mzigo. Meza ilitembea. Jiko lilitembea. Redio ilihama hadi betri zikachoka kabla ya vituo. Kisha Januari 2023 akasimama uani, mikono kiunoni, akatamka yale ambayo mkewe alikuwa akiyaogopa kwa miaka kumi na minne.

"Mama watoto, nyumba hii ina kasoro."

"Kasoro gani tena, mzee?"

"Hata ndege hawatui."

Ilikuwa kweli. Ua ulikuwa saruji tupu, kavu kama kisigino. Ndege walipita juu wakielekea kwenye nyumba za watu wenye miti. Na dalali alikwishamwonyesha marehemu nyumba moja ng'ambo ya reli, yenye vyumba vilevile, bei ileile, ila mlango ukiwa upande wa pili. Mama aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Wakitua je?"

"Wakitua, wakala, wakarudi, sihami."

"Rudia hayo maneno."

"Nimesema sihami."

"Jirani!" mama akaita juu ya ukuta. "Umesikia?"

"Nimesikia tangu mlipoanza," akajibu fundi cherehani.

Basi marehemu akawa mwita ndege. Watu wengi wanadhani kazi hii ni rahisi: ubao, punje, maji, subira. Ubao aliupata. Alitengeneza kibanda safi, chenye paa la bati, kikisimama juu ya nguzo iliyochomekwa kwenye gurudumu kuukuu la lori, kizito kiasi cha kutoanguka na chepesi kiasi cha kubingirishwa na mtu mmoja. Punje alizipata pia: mtama, uwele, na chenga za mchele. Maji aliyaweka kwenye kisahani. Subira haikupatikana dukani.

Siku ya kwanza alikiweka kibanda karibu na jiko. Hadi saa nne hakuna ndege, akakipeleka kwenye kivuli. Kesho yake akakipeleka juani, kwa hoja kwamba ndege ni wateja na mteja lazima aione bidhaa. Akakipaka rangi nyekundu. Akatundika vifuniko vya makopo vinavyong'aa ili kionekane kwa mbali. Ndege walikiona kwa mbali, wakabaki hukohuko mbali. Alisimama pembeni yake akiwaita kwa mluzi, mtu wa futi sita mwenye mabega ya kubeba friji, halafu akashangaa kwa nini kiumbe chenye uzito wa barua kinasita kukaribia.

Wa kwanza kuja alikuwa jogoo wa fundi cherehani.

"Huyo hapo katua," mama akasema haraka. "Ana mabawa."

"Jogoo si ndege."

"Ni nini basi?"

"Kitoweo kinachosubiri siku yake."

"Jirani, nimesikia!" sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

Mama ndiye aliyegundua. Alikuwa dirishani, nyuma ya mapazia yake ya kudumu, aliposhuka chiriku mmoja wa manjano, mdogo kama ndimu. Hakwenda kwenye kibanda. Alitua sarujini, kwenye kona, akazunguka, akatazama chini, akatazama juu, akaruka zake kama mtu aliyekuta duka limehama bila tangazo. Kwenye kona ile ndiko kibanda kilikokuwa jana. Asubuhi iliyofuata akaja mwingine, akatua pale kibanda kilipokuwa kabla ya kuhamishwa. Ndege walikuwa wakija kila siku. Walikuwa wamechelewa siku moja tu, siku zote.

"Mzee, kiache."

"Nikiache vipi na hakijakaa vizuri?"

"Wanakuja pale kilipokuwa jana!"

"Sasa unaona? Jana hapakuwa pazuri, nikakitoa. Hao ndege hawajui mahali."

Mama akajaribu ujanja. Marehemu akitoka kwenda kunywa chai kwa kinyozi, mama alimwaga konzi ya mtama pale kibanda kilipokuwa jana, na wakatua: shomoro, chiriku, hata wale wadogo wa kijivu ambao fundi cherehani anawaita vifungo. Walikula hadi waliposikia viatu vya marehemu uchochoroni. Akifungua lango, anga tupu.

"Walikuwa hapa sasa hivi."

"Mimi sijaona."

"Basi unaniita mwongo?"

"Nakuita mke wangu. Unataka kubaki. Ningekuwa wewe na mimi ningewaona."

Mwezi Mei marehemu aliahidiana na dalali kwamba mwisho wa Juni wanahamia ng'ambo ya reli. Kitinda mimba akaambiwa aweke lori tayari. Mama hakugomba. Alichukua kiti, akapanda, akaanza kufumua mapindo ya mapazia, uzi baada ya uzi. Wale mnaomfahamu mtakubali kwamba angepiga kelele, tusingeshtuka hivyo.

Tarehe 3 Juni 2023, asubuhi, marehemu aliamua kwamba kibanda sharti kikae kati ya mfereji wa maji machafu na kamba ya kuanikia nguo. Hakuna mwanadamu mwingine ambaye angepachagua. Alikibingirisha hadi nusu ya safari, akashika kifua, akaketi sarujini taratibu kama anayeteremsha kabati la vioo. Mkewe alimfikia, na kwa sauti ya fundi cherehani mtaa mzima ukamfikia. Hospitalini walikuta moyo umepanuka. Daktari, kijana mpole, alimwambia kuanzia siku hiyo asinyanyue kitu kizito kuliko kikombe.

"Kikombe kitupu au chenye chai?" marehemu akauliza.

Alirudishwa nyumbani baada ya wiki mbili, akalazwa kwenye kitanda kilichokuwa, kama mnavyoweza kukisia, chini ya dirisha. Nje, kibanda kilibaki pale kilipoachiwa, upande mmoja wa gurudumu ukiwa juu ya ukingo wa mfereji, paa limeinama, nguzo imepinda kama mlevi anayesikiliza siri. Jirani alitaka kukisimamisha. Mama akamzuia: "Ukikigusa, shoga, sikusemeshi tena maishani."

Hakuna aliyekigusa. Akaja shomoro mmoja, akala huku akitazama lango. Kesho yake akarudi na mwenzake. Wakaja chiriku, wawili, kisha familia nzima na ugomvi wao. Wakaja vifungo. Mama hakusema neno mpaka walipozoea, mpaka hata jogoo alipowapigia kelele walisogea kidogo tu na kuendelea. Ndipo alipomwita fundi cherehani aje kama shahidi, akavuta pazia.

"Mzee. Tazama nje."

Marehemu alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote bila kukishika.

"Kimepinda," akasema.

"Kimepinda, na wanakula."

"Kiko karibu na mfereji."

"Kiko karibu na mfereji, na wanakula. Na jana walikula. Na juzi. Uliahidi, na shahidi huyu hapa."

"Mimi nipo," fundi cherehani akasema.

Marehemu akaomba simu. Akampigia dalali. "Ile nyumba ya ng'ambo ya reli," akasema, "mpe mwingine. Mimi nimepata ndege." Dalali, ambaye pia yuko hapa leo, anasema alijua mzee ameugua, lakini hakujua kama ugonjwa umefika kichwani. Mama alikwishaondoka chumbani. Ilisikika cherehani yake ikifanya kazi.

Tangu siku hiyo yule mtu hakuhamisha kitu. Binti yake mkubwa, mhasibu, alikuja akataka wasogeze kitanda hatua mbili ili baba aone vizuri zaidi. Baba akamzuia kwa mkono uliokuwa umebaki mifupa. "Msiguse. Watashtuka." Wakataka kumpeleka mji wa binti, kwenye hospitali kubwa yenye mashine mpya. Akawauliza kama huko kuna anayejua kuweka maji kwenye kisahani. Wakati mwingine vidole vyake vilisukuma kikombe kwenye stuli, kikaenda ukingoni, kikarudi. Mama alikiacha kiende na kurudi. Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini na mitano, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza anajua asubuhi atamkuta wapi.

Marehemu alifariki nyumbani, tarehe 11 Februari 2024, saa moja asubuhi, mkewe akiwa ameketi kando yake. Nje, chiriku walikuwa wakila. Hatutawadanganya kwamba walinyamaza. Hakuna hata mmoja aliyenyamaza.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja ambaye bado hajakanusha, jirani mwenye sauti, jogoo mwenye bahati, na ndege ambao idadi yao hupanda na kushuka kutegemea chenga za mchele. Mungu amlaze mahali pema, na amshike hapo kwa mikono miwili. Apumzike kwa amani, au kwa ile hali iliyo karibu nayo zaidi ambayo atakubali.

Limebaki jambo moja. Wote mmeliona lori lililoegeshwa nje ya lango. Halikuja kwa ajili ya viti vya wageni. Watoto, kwa upendo ambao hakuna anayeutilia shaka, wamekubaliana kwamba mama yao hawezi kubaki peke yake, na kwamba baada ya mazishi vitu vyake vipakiwe aende kwa binti. Mama hakupewa nafasi ya kujibu, ndiyo maana ameomba jibu lake lisomwe hapa, mbele ya umati, ambapo hakuna wa kumkatiza. Anabaki.

Na si kwamba hili halikutarajiwa. Wiki yake ya mwisho marehemu aliulizwa. Mama alimshika mkono, akamwambia, "Baba watoto, ukishaondoka, mwanao atakuja na lori kunihamisha. Nitamwambia nini?"

Marehemu akafikiri.

"Mwambie kabati halipiti mlangoni."

"Mzee, si uliliingiza wewe, kwa mlango huohuo?"

"Ndiyo. Lakini nilikuwa mimi."